Sukari ya Matanga ya Mussa

Naapa kwa jicho langu la kulia, maana la kushoto siku hizi lina ukungu na silitegemei: haya yote yalitokea, na yalitokea hapahapa Tabora, mtaa wa Gongoni, mwaka ule wa vita vya Kagera. Anayetaka kubisha aje tubishane, ila aje ameshakula, kwa sababu mimi nikianza kuutetea ukweli simalizi mapema.

Mwaka ule sukari ilipotea mjini mpaka sisimizi wakahama. Niliwaona mwenyewe wakishika barabara ya Nzega, mstari mmoja, na yule wa mbele alikuwa anageuka nyuma kuwahimiza wenzake. Sabuni ilikuwa ya kusikia tu. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Na nguo ndiyo usiseme. Fundi cherehani hakuwa na kitambaa kipya cha kukata, kazi yake ikawa kufufua: kola inageuzwa ndani nje, suruali ya baba inakuwa kaptura mbili za watoto, gunia la unga linakuwa gauni na maandishi yake mgongoni.

Kazi hiyo ya kufufua nguo Batuli aliifanya kwenye kibaraza cha duka la Mzee Humaidi. Cherehani ilikuwa ya mumewe, Mussa, aliyekwenda vitani na mgambo wenzake. Kabla ya hapo hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyewahi kukaa kibarazani mbele ya wanaume akikanyaga cherehani. Wiki ya kwanza wanaume walipita kumtazama. Wiki ya pili walileta suruali zao. Kwa cherehani ile alikula yeye, bintiye Semeni aliyekuwa bado ananyonya, na mama mkwe wake, Bi Sikuzani.

Asubuhi moja akaja Yahaya, kaka yake Mussa. Yahaya alikuwa karani wa stoo ya ushirika ambayo haikuwa na kitu ndani, kwa hiyo nafasi ya kutembea alikuwa nayo.

"Shemeji, simamisha hiyo mashine."

"Nina kola ya mtu hapa. Sema, nasikia."

"Natoka stesheni. Kuna kijana kashuka na treni ya Mwanza, anaitwa Limbu, Msukuma wa Puge. Mguu umefungwa bendeji mpaka gotini. Alikuwa kikosi kimoja na Mussa."

Mguu wa Batuli uliendelea kukanyaga, lakini kola ilikuwa imeshapita. Sindano ilikuwa inashona hewa.

"Anasemaje?"

"Walikuwa wanavuka mto, wakashambuliwa. Baada ya mto hakumwona tena."

"Hakumwona."

"Hakumwona, shemeji."

"Mimi mwenyewe sijakuona tangu Jumatatu, shemeji. Mbona hukufa?"

Ndani ya duka Mzee Humaidi alikohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko kisha akakionea haya. Yahaya hakucheka. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, na Batuli alipoiona ile kofia mikononi ndipo aliposimamisha mashine.

"Huyo Limbu yuko wapi nimuulize mwenyewe?"

"Kapanda lori la pamba, kaenda kwao."

"Mkamwacha aende?"

"Mtu ana kidonda, shemeji. Ningemfunga kamba?"

Jioni Bi Sikuzani alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Yahaya alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akazungumza polepole kama mtu anayeuza kitu.

"Tawi la chama linatoa kibali kwa wafiwa. Sukari, mchele, mche wa sabuni, na bafta ya sanda. Unakwenda na kibali dukani unapewa siku hiyohiyo, hupangi foleni."

"Bafta ya sanda?" Bi Sikuzani aliuliza. "Na maiti yuko wapi?"

"Mama, kibali hakiulizi maiti. Kinauliza mfiwa."

"Hakuna mfiwa hapa," alisema Batuli.

"Shemeji, mwanao anakohoa, mama anakunywa uji wa chumvi. Mussa mwenyewe angekuwa hapa angesema nini? Na kama amekufa, hastahili kusomewa khitma? Unataka asomewe kwa maji matupu?"

"Na cherehani?"

"Cherehani gani tena?"

"Akiwa hai, cherehani ni yake na mimi namtunzia. Akifa, ni mirathi. Na mimi naingia eda, sitoki, sishoni. Nikitoka huko ndani nakuta umeshaigawa."

Yahaya akamtazama mama yake, kana kwamba ndiye aliyetukanwa. Bi Sikuzani alikuwa ameanza kulia. Alilia kilio cha mzazi, cha kweli. Na katikati ya kilio hicho, naapa tena, alikumbuka chai ya sukari, mate yakamjaa mdomoni, akajichukia mpaka akashindwa kumalizia ugali. Batuli akamwondolea mwiko mkononi akausonga yeye.

Asubuhi Batuli alikwenda tawini. Msidhani alikwenda kwa ajili ya maneno ya Yahaya. Usiku kucha Semeni alikuwa amekohoa, na mama anayesikiliza kikohozi cha mtoto gizani hana msimamo.

Katibu wa tawi aliitwa Modest. Alivaa kaunda suti iliyopauka mabegani, na Batuli kwa jicho la kazi akaona kwamba mfuko wa kushoto umeshikizwa kwa pini. Watu walijaa mpaka mlangoni, maana ofisi ndiyo ilikuwa duka la siku zile.

"Jina la marehemu?"

"Mussa Selemani."

"Wewe nani wake?"

"Mkewe."

"Haya, tamka."

"Nitamke nini, ndugu Katibu?"

"Kwamba amefariki. Siku hizi utaratibu ni mfiwa aseme kwa mdomo wake mbele ya watu. Tumedanganywa sana. Kuna bwana mmoja hapa alimzika shangazi yake mara mbili, na mara ya pili shangazi ndiye aliyekuja kuchukua mchele."

Watu wakacheka. Batuli alishika ncha ya khanga yake.

"Baada ya mto hakuonekana," alisema.

"Hakuonekana?"

"Ndivyo alivyosema aliyekuwa naye."

"Mama, sikiliza. Kwa aliyekufa nina fungu. Kwa asiyeonekana sina fungu. Sijaletewa."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. "Dada, sema twende. Ni neno tu. Ukitoka nje unatema mate, limekwisha."

"Tuna watoto na sisi," akasema mwingine.

Batuli akafungua mdomo. Modest akasubiri, kalamu mkononi, na hata akamsaidia: "Mume wangu..." kama mwalimu anayemwanzishia mtoto shairi. "Mume wangu," Batuli akasema. Halafu akabaki hapo. Chumba kizima kikangoja. Mtu mmoja akapiga mwayo.

"Kwaherini," alisema Batuli, akatoka.

Kesho yake Yahaya alimpeleka mama yake. Bi Sikuzani alilitamka lile neno haraka, kama mtu anayemeza kwinini, na sukari ikatoka.

Khitma ilisomwa Ijumaa. Walikuja hata watu waliokuwa hawasemi na nyumba ile tangu ugomvi wa bomba la maji. Harufu ya pilau ilitoka uani, ikazunguka msikiti, ikafika kibarazani kwa Mzee Humaidi, na hapo ikamkuta Batuli amevaa khanga yake nyekundu, anatia kiraka kwenye suruali ya dereva wa reli. Wapita njia walimwona. Wengine walisimama kabisa.

Mzee Humaidi alitoka dukani. Babu zake walikuja na misafara ya pembe, na duka lile lilikuwa na rafu mpaka darini. Sasa kwenye rafu yalibaki makasha matupu, ameyageuza upande wenye picha ili macho yapate kitu.

"Binti, nenda kakae na watu hata saa moja."

"Nikikaa ni nani, Mzee Humaidi? Mgeni au mfiwa?"

Mzee akarudi kwa makasha yake.

Baada ya swala akaja Maalim Hamdun wa madrasa, kanzu safi, anatembea kama mtu aliyetumwa.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Watu wanasema."

"Umekula, Maalim?"

Maalim akautazama mkono wake wa kulia. Kucha zilikuwa bado zina rangi ya bizari.

"Nimekula."

"Alhamdulillahi. Basi niambie kwa kitabu. Mke wa mtu asiyejulikana aliko, anakaa eda?"

"Hakai. Anangoja yakini."

"Yakini ni nini?"

"Apatikane mwaminifu aliyeona kwa macho yake."

"Na sukari ni yakini?"

"Sukari si yakini."

"Mbona hukuwaambia hayo kule ndani, Maalim?"

Maalim Hamdun alikaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa mtu wa kweli, na ukweli ulimchukua muda kuutafuta.

"Nilikuwa na njaa, Batuli," alisema.

Batuli akamtazama, kisha akaona bitana ya kanzu imefumuka pembeni. Akamwambia asimame, akaishona papo hapo akiwa ameivaa, bila kumtoza.

Sasa, mtaa wenye njaa una macho mengi. Waliokula pilau na waliolikosa walikwenda tawini kwa miguu ileile. Wiki iliyofuata Modest akaja kibarazani na mgambo wawili, Yahaya katikati yao, na nyuma Bi Sikuzani amejifunika ushungi.

Mzee Humaidi alipowaona mgambo akatoka mbio akiwa na ufunguo. "Ndugu Katibu, karibu, karibu ndani, tazama mwenyewe, sina kitu, sijaficha kitu, hata chini ya kitanda njooni mtazame," na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mzee wa ndevu nyeupe, mikono inamtetemeka mbele ya vijana aliowauzia peremende wakiwa watoto. Mmoja wa mgambo akatazama pembeni.

"Leo hatuna shida na wewe," alisema Modest. Akamgeukia Batuli. "Wewe mama ni mjane au si mjane?"

"Mimi ni fundi, ndugu Katibu."

"Usinichezee. Wakubwa wameniuliza: huu ni msiba gani ambao mke anashona suruali za watu barabarani na khanga nyekundu? Kama Mussa amekufa, mahali pako ni chumbani, kwenye eda. Kama hajakufa, basi huyu bwana na huyu bibi wamelaghai umma wakati nchi iko vitani. Naondoka nao sasa hivi."

"Shemeji," alisema Yahaya. "Shemeji, nakuomba."

Batuli hakumtazama Yahaya. Huyo angeweza kumwacha aende, na huenda angeimba njiani kurudi nyumbani. Alimtazama mama mkwe wake, akingoja alie, apige magoti, amlaumu. Kwa hayo yote alikuwa ameshajiandaa. Bi Sikuzani hakulia. Aliinama kwenye sikio la mgambo aliyekuwa karibu naye, akamwomba kitu kwa heshima.

"Anasemaje?" Modest akauliza.

"Anasema apitie nyumbani kwanza avae viatu."

Ndipo Batuli alipotazama chini. Walikuwa wamemtoa yule bibi jikoni. Miguu yake ilikuwa mitupu, imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye fundo, na kidole gumba kimoja kilikuwa kinatoka damu kidogo.

"Amekufa," alisema Batuli.

"Sema wasikie."

"Mume wangu Mussa amekufa."

Modest akashusha pumzi. Sidhani kama alifurahi. Alikuwa na fungu lake, na sasa fungu lilikuwa sawa. Batuli akainua mguu wa sindano, akachomoa suruali ikiwa imeshonwa upande mmoja, akaikunja. Akamshika mkono mama mkwe wake. Wakaondoka taratibu, kwa sababu yule bibi alikuwa anachechemea.

Akaingia eda. Kaniki, chumba cha ndani, dirisha la ukubwa wa sinia. Miezi minne na siku kumi mwanamke aliyekuwa anakula kwa mikono yake akalishwa kwa mikono ya watu, na watu wenyewe hawakuwa na kitu. Sukari ya matanga ilikwisha kabla ya mwezi kuandama. Bafta sehemu kubwa ilipotelea njiani baina ya duka na nyumba; Yahaya alisema ilipimwa vibaya. Bi Sikuzani akaanza kuuza matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, mlangoni, na kila jioni alimletea mkaza mwanawe bakuli la uji akikaa naye mpaka aumalize, bila mmoja wao kulitaja neno lile.

Kilichomkosesha Batuli usingizi hakikuwa giza la chumba. Alikuwa anahesabu hatari: cherehani iko wapi, nani anaikanyaga, na Mussa akitokea leo, ataambiwa nini na nani? Kwamba mkewe ndiye aliyesema?

Yahaya kweli alikwenda kuichukua cherehani. Alimkuta Mzee Humaidi ameshaiingiza dukani, ameifunika kwa gunia.

"Ni mali ya marehemu," alisema Yahaya. "Nataka kuigawa kisheria."

"Kisheria vizuri. Twende wote mahakamani," alisema yule mzee, na safari hii mikono haikumtetemeka. "Ukaieleze mahakama habari ya cherehani, na mimi niieleze habari ya bafta."

Yahaya akasema hakuna haraka.

Basi sikilizeni. Siku Batuli anatoka eda, jua linapanda, treni ya Mwanza ikapiga honi. Ikapiga mara moja, ikapiga tena, kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Akashuka mtu mrefu, shati la kaki, redio begani. Watu wa stesheni wakaangusha mizigo. Mussa. Alipita Gongoni watu wakimfuata nyuma kama harusi, akaingia uani, akamkuta Yahaya anakunywa chai, na Yahaya, naapa kwa jicho langu, alipanda juu ya kabati na kikombe mkononi bila kumwaga tone. Mussa akavuta kigoda akakaa. Akasema: "Nasikia mmenisomea. Fungu langu la pilau liko wapi?"

Nilipofika hapo, cherehani ikanyamaza.

Sikuwaambia nilikuwa nimekaa wapi. Nilikuwa kwenye benchi la kibaraza kilekile, miaka mingi baadaye, Mzee Humaidi ameshazikwa, na mimi nangoja suruali yangu ipunguzwe urefu huku nawasimulia wateja wenzangu. Fundi alinitazama juu ya miwani, pini mbili mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Raymundi."

"Naam, mama Semeni."

"Kashuka na shati gani?"

"La kaki."

"Mwezi uliopita ulimvalisha la buluu. Na Sikukuu ya Idi ulimpa baiskeli."

Wateja wakanigeukia. Dereva mmoja wa bodaboda akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyeona kuku wa jirani kaingia mtegoni.

"Hakushuka mtu," Batuli aliwaambia. "Puge nilikwenda, na Limbu nikamwona. Akaniambia kilekile, baada ya mto hakumwona. Lakini kabla ya Puge nilikwenda tawini. Nilioga nikavaa khanga yangu nyekundu, nikamwambia Modest, nimekuja kurudisha neno. Sukari imelambwa, mchele umeliwa, hivyo siwezi kuvirudisha, ila neno ninalo. Mume wangu sijui aliko. Andika hivyo. Akasema lile la kwanza limeshapelekwa wilayani, halirudi. Nikamwambia basi nipeni mtu wangu. Sanda mmeshatoa. Nipeni wa kumvika."

"Akasemaje?" aliuliza yule dereva, na tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Akaniambia nikapange foleni."

Muuza kahawa alikuwa anapita na birika lake, akagonga vikombe mara moja, akaacha.

"Ulipanga?" niliuliza mimi, ambaye ningekaa kimya kama ningekuwa na akili.

"Nilipanga mpaka adhuhuri. Halafu nikakumbuka nina suruali ya mtu, imeshonwa upande mmoja." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Haya, mzee. Suruali bei ni ileile. Huo uongo unalipiwa peke yake. Kahawa ya kibaraza kizima, na kashata."

Nililipa. Niliwalipia watu wote wa benchi, nikamlipia na fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara ambaye hakusikia hata neno moja lakini aliona vikombe vinagawiwa akavuka. Mfuko ukabaki na nauli ya kurudi nyumbani, halafu ukabaki bila hiyo nauli, kwa sababu dereva aliongeza kashata.

Batuli alikunywa kahawa yake taratibu, akarudisha kikombe, akaingiza suruali yangu chini ya sindano. Kabla hajakanyaga, akasema bila kuniangalia:

"Siku nyingine ukimrudisha, usimpandishe treni. Treni ilikuwa inamtapisha. Mlete kwa lori la Nzega, akae mbele na dereva."